Aliyemtazama Bwana Harusi

Mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijijini nilikuwa mtu wa mashine kwenye gari la sinema. Shule niliipata vipande vipande, kidogo Chunya, kidogo Rungwe, lakini mashine niliijua. Tulikuwa wawili, tukizunguka Mbeya hadi Iringa. Mimi nilifunga mikanda na kuwasha jenereta. Bartolomeo aliendesha gari, na sinema ikianza alisimama kando ya kitambaa na kipaza sauti, akawaeleza watu kwa Kiswahili. Tulianza na mbolea, tukafuata na kipindupindu, na mwishoni tukawapa picha ya kuchorwa ili wasirudi nyumbani na huzuni.

Picha hiyo ilitoka nchi ya barafu, na lugha yake hatukuijua hata neno. Vijana wawili wanakua pamoja, mwana wa mfinyanzi na rafiki yake mpiga filimbi. Mwana wa mfinyanzi anampenda binti mfuga mabata. Rafiki anapeleka zawadi, anarudisha majibu, mpaka harusi. Maneno yote alitunga Bartolomeo. Yule rafiki akamwita mshenga, na watu wakaelewa papo hapo, maana kwetu bila mshenga huoi.

Kwa kuuona mkanda ule kila siku nikagundua jambo. Kwenye harusi wote waliochorwa wanamtazama binti, wazee, mbwa, hata mabata. Rafiki peke yake anamtazama bwana harusi. Kisha anakwenda nyuma ya tanuru la vyungu, analia. Macho ya kuchorwa hayapotei njia. Mtu alikaa akayaelekeza pale.

Na Bartolomeo, ambaye angeweza kumpa hata bata maneno, akifika nyuma ya tanuru alishusha kipaza sauti akanyamaza. Kimya hicho ndicho nilichokishika. Tulikula sufuria moja, tulilala ndani ya gari moja, nami nilimpenda, na siyo kama ndugu. Sikuwa nimemwambia. Nilijisemea, anayenyamaza pale anajua kwa nini.

Makongolosi tulionyesha mchana, ndani ya ghala la tumbaku, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi. Wachimba dhahabu walijaa. Mbele alikaa Mama Mbuke, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake, amekuja kuuza samli.

"Mshenga huyu anamtaka binti," mchimbaji mmoja akasema. "Atamgeuka mwenzake."

"Wewe macho yako ya kutafutia dhahabu tu," Mama Mbuke akamjibu. "Mshenga hajamtazama binti hata mara moja. Anamtaka huyo huyo bwana."

Ghala zima likacheka.

"Mama, hayo mambo ya kwenu huko Usukumani."

"Ya kwetu na ya kwenu. Mnalala kibanda kimoja mmebanana kama viazi, halafu mnamcheka wa kwenye kitambaa."

Wakacheka zaidi. Bartolomeo hakucheka.

Tulipokuwa njiani nikamwambia, "Yule mama kaona."

"Kaona nini?"

"Pale unaponyamaza."

Akapandisha kioo, vumbi lilikuwa linaingia. "Filemoni," akasema, "tukifika Iringa nenda kwa akina Severina. Nataka kumwoa. Uwe mshenga wangu."

"Mimi?"

"Nina nani mwingine?"

Nikamwambia nitamjibu baada ya sinema ya Iringa. Nilitaka nimsikie mara moja tena nyuma ya lile tanuru.

Iringa tulionyesha ukumbi wa parokia, Jumapili baada ya misa. Severina alikaa na wazazi wake, Mzee Joachim na Mama Verediana. Tulipofika nyuma ya tanuru Bartolomeo akashusha kipaza sauti. Mama Verediana akamuuliza kwa sauti, "Baba, huyu naye analia nini?"

Ukumbi ukamngoja. Mimi nilimngoja kuliko wote. Angesema tu sijui, ingenitosha.

Akakiinua kipaza sauti. "Moshi wa tanuru, mama. Umemwingia machoni."

Watu wakacheka. Severina naye akacheka, mkono mdomoni. Kwenye kitambaa mabega ya yule kijana yalikuwa bado yanatetemeka, na tanuru halikuwa na moto. Hapo nikajua Bartolomeo aliisoma picha ile kama nilivyoisoma mimi. Asiyejua hahangaiki kutafuta moshi.

Kesho yake nikachukua jembe jipya, kama desturi ya posa, nikaenda kwao Severina.

"Kamwene," nikasalimia. Wakanipa kigoda.

"Jembe tunaliona," Mzee Joachim akasema. "Mwenye jembe hatumjui. Tueleze ni mtu wa namna gani."

Nikaeleza. Kwamba gari likinasa matopeni anaimba kwanza, ndipo anashika koleo. Kwamba nilipougua malaria alinifunika blanketi lake, yeye akakaa macho na koti. Kwamba hamsemi mtu vibaya akishampa kisogo, na akicheka anainamisha kichwa kama anaona haya. Nilisema mpaka Mama Verediana akaacha kupepeta.

"Mshenga hupamba," mzee akasema. "Wewe hupambi. Ndugu yako?"

"Hapana, mzee. Tunafanya kazi pamoja."

"Basi kijana ana bahati." Akanyanyuka, akaliingiza jembe ndani.

Bartolomeo alikuwa ananingoja kwenye gari. Hakuniangalia usoni.

"Wamesemaje?"

"Wamelipokea."

Akaushika mkono wangu kwa mikono miwili, akakaa nao.

"Asante, kaka," akasema.

Hakuwahi kuniita kaka hata siku moja.