Koti la Mgeni

Magunia ya nguo za msaada yalikuwa yamelala stoo ya kituo tangu msimu wa mvua, na siku yalipofunguliwa, mkalimani alirudi nyuma akaziba pua kwa kiganja. Harufu ya ukungu, mkojo wa panya na jasho la watu asiowajua ilimpanda hadi kooni.

Kituo kile kiliwahudumia Waarabu waliohamia mjini. Palikuwa na darasa la lugha, darasa la kupiga gambusi, na msaada wa kufuatilia vibali. Chumba cha nyuma kilikuwa cha cherehani, na mwalimu wake alikuwa Mwarabu mwenzao, mjane wa makamo ambaye wanawake wote walimwita Bi Sindano. Yeye ndiye aliyechomoa fulana ya mtoto mchanga yenye matapishi yaliyokauka, akaishika kwa ncha za vidole.

"Hizi ni za kuchoma moto," alisema.

Mkurugenzi alisimama mlangoni, suti imenyooka. Naye alikuwa Mwarabu, aliyekuja zamani kusoma. "Shangazi, kesho wafadhili wanakuja. Wanawake watazivaa, tutapiga picha, basi. Nani atanusa picha?"

"Sisi tutakaozivaa."

Mkurugenzi alicheka kidogo kama mtu aliyesikia utani wa mtoto, akatoa chupa ya manukato ya waridi mfukoni na kuanza kuyapulizia magunia mwenyewe. Mkalimani alitoka nje akatapika kando ya pipa la taka. Waridi juu ya uvundo ule lilizidi uvundo wenyewe.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Vijana wa gambusi walipiga vizuri, juisi ikapita, mkurugenzi akahutubia kwa ulimi wa asali. Wanawake walipangwa mstari, na mgeni wa heshima, mama mwenye tabasamu lisilochoka, akamvisha Bi Sindano koti la sufu huku mpiga picha akichuchumaa mbele yao.

Bi Sindano alilivua palepale. Akamnyooshea mgeni kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa.

"Nusa, dada," alisema kwa Kiarabu.

Mgeni akamgeukia mkalimani. Mkurugenzi, bila kuacha kutabasamu, akasema kwa Kiarabu, "Mwambie anashukuru."

Mkalimani alikuwa bingwa wa kulainisha maneno. Matusi ya karani yaligeuka samahani mdomoni mwake, na machozi ya mama yakageuka maelezo mafupi. Safari hii aliona maneno yale matamu yanamkaa ulimini kama mafuta yaliyochacha.

"Anakuomba unuse," alisema. "Na mkurugenzi ananiambia niseme anashukuru."

Mgeni akainama, akanusa, akajirudisha haraka. Shavu lilimcheza. Kisha tabasamu likarudi mahali pake. "Lakini si afadhali hivi kuliko kukosa kabisa? Sabuni ipo, au hawajazoea kufua?"

Mkalimani akatafsiri neno kwa neno, lile la kufua pia. Kamera ililia peke yake ukumbi mzima.

Bi Sindano akalivuta koti kwake. Alilikunja koti vizuri, kola ndani, mikono nyuma, akaliweka juu ya meza ya juisi, akatoka. Mwanamke aliyemfuata mstarini akavua sweta. Halafu mwingine. Mkurugenzi alibaki akiwaambia wageni kwamba kina mama wamechoka, wengine wana watoto nyumbani.

Mkalimani alifukuzwa jioni ileile. Cherehani zikafungiwa ndani. Bi Sindano akaanza kufundisha sebuleni kwake, wanawake wakipokezana mashine yake moja, na mkalimani akiwasindikiza hospitali na ofisini bila mtu wa kumtuma.

Ndipo siku moja, kwenye benchi la kungojea daktari, yeye na Bi Sindano wakaliona bango la kituo ukutani. Bi Sindano yumo, mikono miwili mbele, koti katikati, mgeni akitabasamu. Mtu yeyote angesema anapokea.

"Wameandika nini?"

Mkalimani alitamani kudanganya. "'Shukrani kutoka moyoni.'"

Bi Sindano aliitazama picha ile, midomo imekazwa kama ameng'ata kitu kilichooza. Akatoa kitambaa, akatema mate, akakikunja.

"Hata kukataa kwangu wamekufanya vazi lao," alisema. Muuguzi akachungulia mlangoni na kuwaita. "Twende, mwanangu. Mwambie daktari goti bado linauma, na umwambie hivyohivyo ninavyosema."