Ukingo Ulioachia

Mvua ilikuwa haijakatika tangu mwanzo wa wiki, na mtaro wa msingi ulikuwa umegeuka bwawa. Msimamizi alisimama chini ya turubai na kikombe chake cha chai, akasema zege litamwagwa leo, inyeshe isinyeshe.

"Udongo umeshiba maji, bosi," fundi alisema. "Tuweke kwanza mbao za kuzuia kingo."

"Mbao ziko njiani. Nyie toeni maji."

Fundi akashika ndoo. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, akampokonya. Kazini walimwita Cherehani kwa sababu mdomo wake haukupumzika.

"Ukiteleza humo dada atanila mbichi," alisema, akashuka.

Yeye alijaza chini, fundi akavuta kamba juu na kumwaga. Cherehani alikuwa akilalamikia buti linalovuja pale ukingo ulipoachia. Haukupiga kelele. Uliketi tu, kama mtu aliyechoka, ukamfukia hadi kifuani.

Fundi na vibarua wengine walichimba kwa mikono, wakiogopa kumkata kwa sepetu. Udongo waliotoa ulirudi na maji.

"Taratibu jamani," Cherehani alisema, midomo imempauka. "Mnaning'oa kama muhogo."

Wenzake wakacheka kidogo, kwa woga. Fundi hakucheka. Alimshika mkono, akamwambia aendelee kuongea, aseme lolote lile. Cherehani akasema anasikia baridi. Akamtaja dada yake. Kisha akawa anaitikia tu. Walipomtoa alikuwa bado anapumua. Walipofika hospitali, alikuwa hapumui tena.

Mke wa fundi alikuwa jikoni alipomwona mumewe mlangoni, tope limemganda hadi kwenye nyusi. Alichungulia nyuma yake, uani.

"Mdogo wangu umemwacha wapi?"

Fundi alitikisa kichwa, akaketi pale pale mlangoni.

"Nani alikuwa ashuke?" mkewe aliuliza baadaye, wakiwa wamekaa sakafuni.

"Mimi. Alinipokonya ndoo."

Mkewe alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akaenda kuteka maji, akamwosha mumewe mikono kidole kimoja kimoja.

Hakumlaumu, hata siku moja. Lakini tangu walipozika, asubuhi yoyote ya mvua alikwenda kuketi kizingitini, mgongo ameuegemeza mlangoni. Fundi hakumwomba ampishe aende kazini.