Kona Aliyoipanda Mara Mbili

Bendera ya Mama Maria pale Montefosco haibebwi na yeyote anayeitamani. Inabebwa na nyumba iliyozunguka. Kila tarehe nane Septemba, chama cha baiskeli cha kijiji huzunguka vilima kilomita arobaini na sita, na nyumba yenye bendera hubaki nayo iwapo mtu wake mmoja atarudi kabla kengele ya adhuhuri haijanyamaza. Asiporudi, bendera huhamia nyumba inayofuata kwenye orodha. Nyumba ya Quinto ilikuwa nayo miaka thelathini na mmoja.

Quinto alifariki mwezi wa pili. Hakuacha mtoto. Mdogo wake, Nello, ana chuma kwenye nyonga, hata ngazi za kanisa huzipanda kwa kuhesabu. Basi alibaki Delfina, mjane, miaka sitini na miwili, ambaye muda wote huo kazi yake ilikuwa kusimama kando ya barabara na chupa ya maji ya mumewe.

Mwezi wa tano, Misa ilipokwisha, alimfuata Oreste, mwenyekiti wa chama.

"Bwana Oreste, niandike."

"Nikuandike wapi, shemeji? Jikoni?"

"Kwenye mzunguko."

Wanaume waliokuwa mlangoni mwa baa wakaangua kicheko. "Mama, baiskeli haina pa kupigia magoti!" akasema mmoja.

"Rozari yangu nitaisali nikikanyaga," Delfina akamjibu. "Wewe ukikanyaga unatukana tu. Miaka thelathini nakusikia."

Oreste hakucheka. Nyumba iliyofuata kwenye orodha ilikuwa yake mwenyewe. Lakini alimwandika, kwa herufi kubwa, jina lake na la marehemu.

Kiangazi chote Delfina alitoka alfajiri na baiskeli ya Quinto, kiti kikiwa kimeshushwa vidole vinne. Wiki ya kwanza alishuka kwenye kila mlima akaisukuma. Wiki ya sita alishuka mara moja. Mwezi wa nane hakushuka tena, na hakumwambia mtu.

Siku ikafika. Waliondoka saa tatu, watu ishirini na sita, na kufikia daraja la pili alikuwa wa mwisho. Hilo halikumsumbua. Mzunguko wenyewe si wa kuua mtu; vijana huumaliza kwa saa mbili na kubaki na pumzi ya kusimulia. Alipanda polepole katikati ya mizabibu iliyoinama kwa zabibu, kadi yake ikagongwa muhuri wa kwanza pale kinuni, akateremka kwenye miberoshi mikono ikiwa juu ya breki. Muhuri wa pili uligongwa mlangoni pa nyumba ya shamba, na kikongwe mwenye nyumba alimwekea mkate uliolowa mafuta ya zeituni.

"Kaa ule, mwanangu, umekuwa mweupe kama shuka."

"Nikikaa sitanyanyuka, mama." Aliula akiwa amesimama, akashukuru, akapanda.

Uliobaki ulikuwa mlima wa nyumbani. Kilomita tatu tu, lakini katikati yake kuna kona yenye jiwe kubwa pembeni, chini ya mizeituni ya Nello, ambapo barabara inasimama kama ukuta. Alifika hapo saa tano na dakika arobaini na tano. Miguu ilikuwa imekwisha. Akajikaza kisabuni, akashusha gia ya mwisho. Baiskeli ikayumba kushoto, ikayumba kulia.

Ghafla ikawa nyepesi.

Aligeuka. Nello alikuwa anachechemea nyuma yake, jasho likimtiririka, kiganja kimekaa mgongoni mwake, anamsukuma.

"Toa mkono, shemeji!"

"Kanyaga, kanyaga! Hakuna anayeona!"

"Toa mkono nimesema!"

Akashika breki, akashuka. Kona ilikuwa imebaki nyuma, njia mbele ikiwa karibu tambarare. Kweli, hapakuwa na mtu. Oreste na wenzake walikuwa juu uwanjani, na Nello angenyamaza mpaka kaburini. Lakini sheria ya chama inajulikana hata na watoto: anayesukumwa hakumaliza.

Akaigeuza baiskeli.

"Unakwenda wapi? Delfina! Una dakika kumi na tatu!"

"Umenishika wapi? Pale penye jiwe?"

"Delfina, usiwe mwendawazimu."

"Penye jiwe, au chini yake?"

"Chini yake," Nello akasema, akaanza kulia.

Aliteremka mpaka chini ya jiwe, akaongeza hatua kumi za ziada ili asidaiwe na mtu. Akafanya ishara ya msalaba, akaianza kona upya. Safari hii hakutazama mbele. Alitazama gurudumu, akasema Salamu Maria moja kwa kila mizunguko mitano ya pedali, na alipofika ya tisa akaona kivuli cha mizeituni kimekwisha.

Kengele ilianza alipokuwa kwenye nyumba za kwanza. Watu walichungulia madirishani. "Anakuja! Mjane wa Quinto anakuja!" Wanaume wa baa walikuwa wamesimama, na sasa hakuna aliyecheka. Alivuka mstari wa chokaa huku kengele bado ikilia kwa nguvu.

Oreste alimngoja apate pumzi. Kisha akauweka mkono wa Delfina kwenye mti wa bendera, kama kila anayemaliza anavyofanyiwa, akauliza swali la chama. "Umesukumwa na mtu njiani?"

"Nimesukumwa."

Watu wakasogea karibu.

"Kwenye kona. Nikarudi chini, nikaipanda yote upya. Muulizeni Nello."

Nello ndiyo kwanza alikuwa anafika, ameletwa na gari la maziwa. "Ni kweli! Na amenifokea kama mbwa!"

Oreste alikifungua kitabu cha sheria, akakifunga.

"Miaka ishirini nauliza swali hili," akasema. "Wote hujibu hapana. Mimi mwenyewe nilijibu hapana, na kwenye kona ile ile nilisukumwa na mama yangu mzazi."

Mtu mmoja akacheka, kisha mwingine akatazama chini, na mzee mmoja akavua kofia yake.

"Bendera imebaki kwa Quinto," Oreste akasema. "Kwa Delfina," akajirekebisha.

Akaleta mkanda wa ngozi wa kubebea bendera, akamzungushia kiunoni. Ulikuwa umekatwa kwa kipimo cha mwanamume. Ukamwangukia mpaka magotini. Oreste akatoa kisu, akatafuta pa kutoboa.

"Tundu moja litatosha?"

Delfina aliunyoosha mgongo wake wote. "Toboa matatu," akasema. "Kwa mlima huu, kila mwaka nitapungua."