Foleni ya Ndoo

Mashine ya kusaga ya Pasikali ilikuwa kwenye banda la mabati kando ya barabara ya vumbi, pale Titye, ng'ambo ya uwanja kutoka duka la Bi Zena. Nguzo za umeme zilikuwa zimefika shuleni, lakini laini kubwa inayoweza kuzungusha mashine haikuwa imefika. Kwa hiyo Pasikali alitumia injini ya dizeli, ile ya kuwasha kwa kuzungusha hendeli. Dizeli aliifuata Kasulu mjini, akarudi nayo kwenye dumu la manjano lililofungwa nyuma ya pikipiki ya kukodi.

Bei mpya za mafuta zilitangazwa redioni kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mwaka huo zilipopanda mara ya kwanza, watu walilalamika sana. Zilipopanda tena walilalamika kidogo. Baada ya hapo waliacha kulalamika, wakabadilisha namna ya kuishi. Waliozoea kupanda pikipiki hadi sokoni walianza kupatana na dereva awapandishe mlima tu, halafu mteremko wakashuka kwa miguu, na madereva wakanuna kwa sababu mlima ndio unaokula petroli. Kwa Bi Zena, mafuta ya kula yalianza kuuzwa kwenye vichupa vya dawa ya kikohozi, kiasi cha mboga ya siku moja. Viazi vya kuchemsha, ambavyo zamani vilikuwa vya asubuhi, vikawa vya jioni pia.

Pasikali alijaribu kupandisha bei ya kusaga. Wiki hiyo hiyo wateja wakapungua, akairudisha bei ilipokuwa na kutunga sheria nyingine. Injini ilikunywa dizeli nyingi kabla hata haijachangamka, iwe imewashiwa ndoo moja au ndoo nyingi. Basi hangeiwasha mpaka foleni ya vyombo itoke mlangoni mwa banda hadi kwenye ngazi ya duka la Bi Zena.

Foleni yenyewe haikuwa jambo geni. Tangu zamani watu wa pale waliacha vyombo vyao kwenye mstari wakaenda shamba. Ndoo ilimsimamia mwenyewe. Hakuna aliyeisogeza ya mwenzake wala aliyeiba. Tofauti ni kwamba zamani mstari ulifika dukani kabla jua halijawa kali, na sasa ulichukua siku kadhaa, kwa sababu kuna waliokuwa wamerudia kinu.

Waliorudia kinu hawakusema. Kutwanga makopa ya muhogo kwa ajili ya ugali lilikuwa jambo la bibi zao, na mtu mwenye nyumba ya bati hakupenda jirani asikie mchi. Walikihamishia kinu ndani, wakatandika gunia chini yake, wakafunga mlango. Jioni ukipita njiani ungesikia kishindo kizito nyumba hii na ile, kama mtu anayegonga akiwa shimoni.

"Kwa Habonimana wanatwanga nini kila siku?" Vestina aliwahi kusema kisimani, kwa sauti. "Dawa?"

Wanawake walicheka. Mke wa Habonimana alikuwepo, akajitwisha ndoo yake akaondoka.

Vestina alikuwa mjane. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni, na uraia aliupata akiwa mtu mzima. Alikuwa na binti mmoja, Esteri, na Esteri alikuwa amepata mchumba, fundi cherehani wa Kibondo. Wakwe walikuwa wanakuja Jumapili kwa ajili ya posa. Baba mdogo wa kijana, Manirambona, alisema kwenye simu kwamba watafika watu kama kumi. Alisema pia, kwa utani ambao Vestina hakuuona kuwa utani, kwamba shangazi wa kijana huwa haangalii nyumba wala nguo. Huangalia ugali.

Makopa Vestina alikuwa nayo, meupe, yaliyokauka vizuri. Alichokosa ni unga. Alipeleka ndoo zake mbili kwa Pasikali siku ya Jumatano. Alhamisi zilikuwa pale pale, na mstari ulikuwa umeongezeka kindoo kimoja cha sado tu.

"Baba Fidele, nina wageni Jumapili," alimwambia Pasikali.

"Najua, Mama Esteri. Kila mtu anajua."

"Basi niwashie."

"Nikikuwashia wewe peke yako, hilo dumu litakwisha kabla ya wageni wako kunawa. Mstari ukifika kwa Bi Zena, hata saa hii nawasha."

Vestina aliutazama mstari, akaitazama ngazi ya duka. Akarudi nyumbani.

Ijumaa alfajiri alikuja na Esteri wakiwa wamebeba beseni, sufuria, ndoo ya kuogea, chungu cha maharage, sado tatu na kopo la rangi lililooshwa. Esteri hakutaka kuja. Alishika kanga midomoni muda wote akitazama njia. Vestina aliyahamisha makopa kutoka kwenye zile ndoo mbili, akayagawa kidogo kidogo katika kila chombo, akavitandaza kwenye mstari kwa nafasi, kimoja hapa kimoja pale katikati ya vyombo vya watu wengine. Kila kimoja alikifunika kipande cha kitambaa. Chombo cha mwisho kikagusa ngazi.

Bi Zena alifungua duka akiwa na ufagio mkononi.

"Mama Esteri, umefungua duka la vyombo, ushindane na mimi?"

"Bi Zena, dada yangu, wewe hujaona kitu."

"Mimi? Macho yangu yenyewe mabovu." Alifagia kidogo, akasimama. "Lakini hilo sufuria lina masizi. Litakuumbua."

Pasikali alipofika aliutazama mstari toka mwanzo hadi mwisho, na wale waliomwona wanasema alitabasamu. Alimimina dizeli yote iliyokuwa kwenye dumu. Alikuwa amepanga kwamba foleni hii ingemlipia dumu jingine, na dumu hilo lingemlipia foleni itakayofuata. Akazungusha hendeli. Injini ikakohoa, ikashika, na wanawake waliosikia mlio wakaja mbio kutoka mashambani, mmoja akiwa bado na udongo miguuni.

Jambo ambalo Vestina hakulifikiria ni dogo, nalo alilijua siku zote. Kwenye mashine ya Pasikali, mwenye mzigo ndiye aliyeshika mfuko pale unga unapotokea.

Pasikali aliinua chombo cha kwanza, akauliza ni cha nani. Mama mmoja akajitokeza. Chombo cha pili, Vestina. Cha tatu, mama mwingine. Cha nne, Vestina.

"Wewe tena, Mama Esteri?"

"Mimi tena, Baba Fidele."

Cha tano, Vestina. Alikuwa ameshika mfuko kabla hajaulizwa, ameinamisha kichwa, nywele zikiwa nyeupe kwa unga. Nyuma yake mtu alicheka.

"Yemwe! Jamani, mwenzetu anapikia jeshi?"

"Siyo jeshi, ni Kibondo nzima inakuja!"

Pasikali alifika kwenye sufuria. Alifunua kitambaa, akatazama makopa yaliyolala chini kabisa, hayajafika hata nusu.

"Na hili?"

Vestina aliufungua tena mdomo wa mfuko. Injini ilikuwa inanguruma bure, mkanda unazunguka, hakuna kinachosagwa.

"Hilo pia," akasema.

Pasikali hakufoka. Alitembea kando ya mstari akifunua vitambaa kimoja baada ya kingine, akavisogeza vyombo vya Vestina pembeni kwa mguu, taratibu, asivimwage. Mstari uliobaki haukufika hata katikati ya uwanja.

"Dizeli hii niliimimina kwa ajili ya foleni nzima," alisema. "Kumbe foleni nzima ni nyinyi wanne."

Akasaga ya wale wengine kwanza. Alipomaliza cha mwisho, dizeli ilikatika, mlio wa injini ulianza kushuka, mkanda ukalegea, na banda likawa kimya kiasi cha kusikia redio ya Bi Zena. Vestina aliondoka na unga usiojaa beseni. Makopa mengine yalirudi kama yalivyokuja. Esteri alibeba lile sufuria.

Jumamosi Vestina alitoa kinu. Kilikuwa cha mama yake, kimekaa miaka nyuma ya banda la mbuzi, kuku walikuwa wanatagia ndani. Esteri alikiosha na kuanza kukisukumia mlangoni.

"Unakipeleka wapi?"

"Ndani, mama. Si wote wanatwangia ndani?"

"Makopa yote haya? Tutatwanga watu wawili, mchi utagonga boriti, tutashusha nyumba wageni wakute magofu. Weka hapo."

Wakakiweka katikati ya uwanja, wakaanza kutwanga kwa kupokezana, mchi wa mama ukishuka wa binti unapanda. Esteri hakuwa amezoea, na kila baada ya muda michi iligongana. Sauti ilikwenda hadi barabarani. Watu wawili waliopita na baiskeli waligeuza vichwa. Vestina aliendelea kutazama ndani ya kinu.

Mke wa Habonimana alikuja hadi kwenye ua, akasimama na mikono kiunoni.

"Bwakeye, Mama Esteri. Hiyo ni dawa?"

Vestina alisimamisha mchi. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni.

"Nilisema vile kweli?"

"Ulisema. Kisimani, mbele ya watu wote."

"Basi njoo unicheke ukiwa karibu, usipige kelele barabarani."

Yule mama alicheka kweli, akashika ua kwa kucheka. Kisha akaenda kwake, na waliporudi, yeye na binti yake walikuwa wanavingirisha kinu chao. "Ndani joto," alisema. "Mwezi wa pili sasa natwangia gizani kama mchawi." Akatwanga yake kidogo, halafu akaingiza mkono kwenye ndoo ya Vestina na kuanza kutwanga ya Vestina. Mchana kinu cha tatu kilikuja kutoka nyumba ya chini, mwenyewe akisema amekuja kusikiliza tu maneno.

Wageni walifika Jumapili baada ya ibada. Hawakuwa kumi. Walikuwa wawili, Manirambona na yule shangazi, wote juu ya pikipiki moja kutoka Kasulu mjini, na kreti la soda katikati yao na dereva.

"Wengine wanawasalimu," alisema Manirambona akijikung'uta vumbi. "Basi la Kibondo limepandisha nauli. Tulipiga kura nani aje."

"Mimi sikupigiwa kura," alisema shangazi. "Mimi nilikuwa nakuja tu."

Chakula kilipowekwa, shangazi alikata tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalitazama. Vestina alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango.

"Huu umetwangwa," alisema shangazi.

"Ego," alijibu Vestina. "Umetwangwa."

"Una chenga."

"Una chenga kidogo."

"Nani katwanga?"

"Mimi na binti."

"Binti, lete mikono."

Esteri aliitoa chini ya kanga. Malengelenge mawili yalikuwa yamepasuka kwenye kiganja cha kulia. Shangazi aliyatazama kwa muda, akaonyesha na mikono yake, migumu, ya manjano kwenye vifundo.

"Utayazoea," alisema. "Kwetu tuna kinu tangu mvua za kwanza. Mashine imekuwa ya harusi na misiba." Kisha akachovya tonge kwenye maharage akala, akakata jingine.

Posa ilikubaliwa. Harusi ilipangwa baada ya mavuno, na pande zote mbili zilikubaliana, bila ubishi mwingi, kwamba hakutakuwa na msafara wa magari.

Baada ya hapo hakuna aliyetwangia ndani tena. Uwanja wa Vestina ukawa na vinu karibu kila jioni, kwa kuwa ulikuwa mgumu na hauna vumbi, na wanawake walipenda kuwa pamoja. Foleni ya Pasikali haikufika tena kwenye ngazi ya Bi Zena. Alipunguza sharti, mstari ufike nusu ya uwanja tu. Akapunguza tena, ufike kwenye nguzo ya banda. Siku moja ilikuwapo ndoo moja mlangoni, na jioni mwenyewe akaja akaichukua. Hakuna aliyekusudia kumfanyia hivyo. Kila mmoja alikuwa anatwanga chakula cha nyumba yake.

Aliiuza injini kwa mfanyabiashara wa karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako watu ni wengi na foleni haikosekani. Vijana wanne waliipakia kwenye gari lililokuwa linarudi tupu. Vestina aliona kutoka mlangoni kwake. Alitaka kwenda, akafika hadi kwenye ua, akarudi.

Siku chache baadaye, asubuhi, Pasikali alipiga hodi. Alikataa kiti.

"Mama Esteri, nimekuja kuazima kinu."

"Kwako hakuna?"

"Hakuna."

"Hata cha marehemu mama yako?"

"Nilikipasua kuni. Mwaka niliponunua injini." Alitabasamu kidogo, akatazama miguu yake. "Mama Fidele alinigombeza sana."

Vestina alivuta pumzi. "Baba Fidele, ile Ijumaa..."

"Ningeuza tu," alisema Pasikali. "Kama si Ijumaa ile, nyingine. Unakihitaji lini?"

"Kesho jioni. Hata sisi hatuna unga."

"Kesho mchana nitakuwa nimekirudisha."

Aliinama akakikumbatia kinu, akakinyanyua vibaya, kikamponyoka. Vestina alimwonyesha jinsi ya kukilaza begani, mdomo ukiangalia nyuma. Alipokwisha kutoka kwenye ua, Esteri aliuona mchi umebaki umeegemea ukuta, akauchukua na kumfuata.