Keria ya Kubebea Chemchemi

Damdin aliegesha pikapu yake mbele ya kontena la Choijoo, katika soko la vipuri la mji wa mkoa, akazima injini na kubaki ameshika usukani. Pembeni yake mkewe, Handaa, alikuwa amepakata birika la chai ya chumvi alilolifunga kwa kipande cha sufu lisipoe. Upepo wa jangwa la Gobi uliburuta mifuko ya plastiki baina ya safu za makontena, na mfuko mmoja ulinasa kwenye tairi la mbele ukawa unapigapiga.

Choijoo alitoka akijifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. Alikuwa mtu mnene, mwenye tabia ya kupiga paa la gari la mteja kwa kiganja kabla ya kumsalimu mwenye gari, kama mtu anayepima ubavu wa farasi anayetaka kumnunua.

"Paa jembamba hili, kaka," alisema. "Kiangazi kimepita vizuri? Mifugo imenona?"

"Imenona kiasi," Damdin akajibu, ingawa haikuwa imenona. "Nataka keria."

"Ya kubebea nini?"

"Toono."

Toono ni lile duara la mbao linalokaa kileleni mwa hema, ambamo moshi hutoka na nuru huingia. Kila vuli, familia inapohamia malisho mengine, kuta za hema, majiko na vikapu vya samadi ya kuwashia moto hurundikwa nyuma ya gari, lakini toono halichanganywi na vitu hivyo. Husafiri juu kabisa, likiwa limelala chali, na hakuna kinachoruhusiwa kuwa juu yake isipokuwa anga. Zamani lilipanda mgongoni mwa ngamia anayeongoza msafara. Ngamia wa mwisho wa Damdin alikufa katika baridi ya mwaka uliopita, na gari halikuwa na nundu za kulishikilia.

Choijoo alifurahi, maana hiyo ilikuwa kazi nyepesi. Alitoa keria ya alumini, akaifunga juu ya kibanda cha dereva kwa bolti nne, akawaita wachuuzi wawili wa jirani wasaidie kulipandisha toono ambalo Damdin alikuwa amelileta nyuma ya gari ili lipimwe. Walilishika, wakalivuta, wakaliacha. Walilishika tena wakiwa wanne. Lilipotua hatimaye juu ya alumini, keria ilipinda polepole katikati, na maji yakaanza kuteremka juu ya kioo cha mbele.

"Gari lako linavuja," alisema mchuuzi mmoja.

"Gari halivuji juu, wewe," mwenzake akamjibu.

Choijoo alipanda juu ya tairi, akachungulia ndani ya duara la mbao. Chini yake, pale ambapo paa la pikapu lilipaswa kuonekana, palikuwa na mchanga mweupe, vijiwe, na maji yaliyokuwa yakibubujika taratibu kutoka mahali pasipoonekana. Alichovya kidole, akakilamba.

"Hukuniambia kama unabeba chemchemi," alisema kwa sauti ya mtu aliyepotezewa muda. "Ya baridi au ya moto?"

"Baridi," Handaa alisema kutoka ndani ya gari.

"Afadhali. Ya moto inakula rangi."

Akaifungua keria ya alumini, akainyoosha kwa goti na kuirudisha kwenye rundo. Alieleza kuwa alumini inafaa kwa vitu vyepesi. Mwaka uliotangulia alimfungia mtu mmoja aliyekuwa akihamisha upepo wa kwao, na hadi leo hajasikia malalamiko. Kwa maji ilitakiwa keria ya bomba nene, miguu sita, iliyochomelewa, tena isiyokaa juu ya paa peke yake bali iliyoteremsha miguu yake hadi kwenye fremu ya nyuma. Keria ya aina hiyo alikuwa nayo moja.

Damdin aliomba dakika chache, akazunguka nyuma ya gari na mkewe.

"Tukiinunua keria hiyo, ina maana tumekubali kwamba chemchemi imehama," alisema.

"Tusipoinunua tutairudishaje chemchemi nyumbani? Mikononi?"

Jambo lililowasumbua lilikuwa hili. Kwenye malisho yao ya kiangazi, katika bonde ambalo baba yake Damdin na baba wa baba yake walinyweshea mifugo, kampuni ya mgodi ilikuwa imetoboa mashimo marefu kutafuta shaba. Tume kutoka makao ya mkoa ilitarajiwa juma lililofuata. Ikikuta maji hai ardhini, bonde halingechimbwa. Ikikuta pakavu, lingechimbwa. Kiangazi chote Damdin alikuwa akiamka na kwenda kuitazama chemchemi kabla hajatazama kondoo. Ilikuwa ikipungua, lakini ilikuwepo.

Asubuhi ile, walipokuwa wakiondoka kuja mjini, Handaa alichota maziwa kwa kata ya mbao na kuyarusha nyuma ya magurudumu, kama anavyofanyiwa kila anayeanza safari. Yalibaki maziwa kidogo kwenye kata. Akaiona chemchemi kando, nyembamba, peke yake, huku mashine za kampuni zikinguruma nyuma ya kilima, akaionea huruma isije ikajiona imesahauliwa. Akairushia nayo. Maziwa ya kata hupewa msafiri, anayebaki hapewi. Hakuwa amewahi kufanya kosa hilo maishani mwake, na alipolifanya hakulitambua mpaka walipokuwa njiani na akasikia kitu kikicheka taratibu nyuma ya gari, jinsi maji yanavyocheka juu ya mawe.

"Ni mimi niliyeiaga," alisema sasa. "Imeona inaagwa, ikapanda."

"Isingepanda kama ingekuwa na raha pale."

"Lakini nimeiaga mimi, Damdin."

Walinunua keria ya bomba nene. Choijoo aliifunga kwa mikono yake mwenyewe, akakaza kila nati mara mbili, kisha akaisukuma kwa bega na gari zima likatikisika pamoja nayo. Ilikuwa kazi nzuri. Alipomaliza aliomba ajaze chupa moja, kwa kuwa maji ya mjini yana ladha ya kutu, na wachuuzi wa jirani nao wakaleta vyombo vyao. Handaa aliwamiminia wote chai, wakanywa wamesimama.

Waliporudi bondeni walikuta shimo la chemchemi limekauka, na kondoo wamekusanyika kulizunguka. Damdin aliliendesha gari kinyumenyume hadi ukingoni. Wakaliteremsha toono kwa ubao na kamba, wakalilaza juu ya mawe yale yale ambayo maji yalikuwa yakitokea tangu kale. Handaa alipiga magoti akaiomba chemchemi radhi. Akaieleza kwamba maziwa yalikuwa ya wema tu, kwamba hakuna aliyemfukuza yeyote, na kwamba kuna wageni wanakuja kuiona.

Maji yalijaa hadi ukingo wa mbao, yakatulia. Hayakushuka. Nyuma ya kilima mashine ilianza kutoboa, mawe yakatetemeka, na maji yakajikunja ndani ya duara kama mnyama anayeingiza miguu chini ya tumbo. Walipoweka viganja vyao ardhini, wao pia walihisi mtetemo ule hadi kwenye meno. Walingoja hadi mashine iliponyamaza, wakajaribu tena. Chemchemi haikuitaka ardhi, wakalirudisha toono juu ya keria.

Siku zilizofuata kondoo walikunywa chini ya pikapu, kwenye matone yaliyoteremka kupitia miguu ya keria, na wakajifunza kupanga foleni, jambo ambalo Damdin hakuwahi kuliona kwa kondoo.

Tume ilifika kwa magari mawili. Mwenyekiti wake, Bwana Luvsan, alikuwa mzee mpole aliyevaa joho la heshima na kofia ya mjini. Aliandamana na mwakilishi wa kampuni, kijana mwenye buti safi, na mtaalamu wa maji, mwanamke aliyeitwa Ariuka, ambaye hakuwa amelala vizuri safarini. Walikaribishwa hemani, hema ambalo lilikuwa wazi kileleni kwa kuwa toono lake lilikuwa nje. Walipeana chupa za ugoro, wakala maziwa makavu, wakanywa maji, wakauliza habari za mifugo. Ndipo Luvsan akasema, "Haya mwanangu, tuonyesheni hayo maji."

Damdin aliwapeleka kwenye pikapu.

Ariuka alipanda juu ya tairi kama alivyofanya Choijoo. Aliingiza kijiti, akatazama mchanga, akaonja. Alikaa huko juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni chemchemi," alisema aliposhuka. "Ni ya hapahapa. Ina ladha ya jiwe la kilima hiki."

"Hatubishi," alisema kijana wa kampuni. "Ni chemchemi nzuri sana. Ila iko juu ya gari."

Wote wakamgeukia Luvsan. Luvsan alikuwa ameinama anazikagua nati.

"Keria hii nani kaifunga?"

"Choijoo, wa soko la vipuri."

"Fundi yule. Nami nitampelekea gari langu." Akanyooka, akashika kiuno. "Sasa mwanangu, sheria inalinda maji yaliyomo ardhini. Haya yamo safarini. Ardhini nimeangalia, pakavu."

"Pamekauka kwa sababu wanatoboa," Damdin alisema. "Maji yamehama kwa sababu yamefukuzwa."

"Inawezekana kabisa."

"Sasa si uandike hivyo?"

"Hatukutumwa kuangalia sababu, mwanangu. Tumetumwa kuangalia kama yapo."

"Yapo," Handaa alisema. "Si umeyanywa?"

"Nimeyanywa mama, na ni matamu. Yarudisheni chini, nami nitaandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba yapo. Ninawangoja."

Na kweli alingoja. Walilishusha toono mbele ya macho ya tume yote, na dereva wa Luvsan alivua koti akasaidia. Ariuka alilala kifudifudi, akatia sikio kwenye mchanga, akamwomba yule kijana asimamishe mashine nyuma ya kilima kwa saa moja. Kijana alijibu kwa adabu kwamba hana mamlaka ya kusimamisha mashine, ila ana mamlaka ya kupeleka ombi. Mashine iliendelea. Maji yalijaa hadi ukingoni, yakatulia, yakajikunja. Luvsan alikunywa chai bakuli baada ya bakuli, akitazama bila haraka, mpaka kivuli cha kilima kilipofika kwenye magurudumu.

"Basi," alisema. "Ninyi mna chemchemi. Bonde halina."

Ariuka alisimama akajipangusa mchanga shavuni. Akamwangalia kijana, akamwangalia Luvsan. Kisha akamwendea Handaa na kumwomba kikombe kingine cha maji, akakinywa chote akiwa amempa kila mtu mgongo.

Damdin na Handaa walihama kabla ya wakati wao. Kuta za hema, majiko na vikapu viliwekwa nyuma, toono likapanda juu ya keria, chali, likiitazama anga peke yake. Keria haikulia hata mara moja. Gari lilipowashwa Handaa alishuka na kata yake ya maziwa, kama ilivyo ada, akasimama kati ya gari na lile shimo kavu. Hakujua ayarushe upande upi. Wote wa kuaga na wa kuagwa walikuwa wa gari lile, na ndani ya shimo hapakuwa na wa kusikia. Mwishowe aliyarudisha maziwa ndani ya birika na kupanda.

Kwenye malisho ya vuli majirani walikuja kuwasalimu, wakateka maji kutoka juu ya pikapu, wakasema ni afadhali Damdin hakuchukua keria ya alumini. Hakuna aliyeuliza kwa nini chemchemi iko pale. Wawili kati yao waliuliza namba ya simu ya Choijoo, kwa kuwa kwenye mabonde yao pia kulikuwa kumeanza kutobolewa.

Nyuma yao, kutoka bondeni hadi huko, matone yalikuwa yamechora mstari, na kwenye mstari ule majani yaliota, membamba, ya kijani, ingawa haukuwa msimu wake. Majani yalishika mchanga. Malori ya shaba yalipoanza kutoka bondeni, madereva walipanga magurudumu yao juu ya mstari ule, moja baada ya jingine, wakiisifu njia ile kuwa ndiyo pekee Gobi nzima isiyotimua vumbi.