Maua Nyuma ya Machimbo

Mvua ya masika ya 1985 ilipofika, baada ya ule ukame uliowamaliza ng'ombe wa watu, mtaa mzima wa Tena, jijini Nairobi, ulishukuru. Khavere hakupata nafasi ya kushukuru. Wiki ileile mvua ilipoanza, mwezi wa Machi, mumewe Wamalwa alitoka asubuhi kwenda kazini kwenye machimbo ya mawe upande wa Kayole, na hakurudi.

Alimtafuta mpaka viatu vikaisha soli. Aliulizia hospitalini, polisi, hata mochari, ambako mhudumu alimfunulia nyuso za wanaume asiowajua. Kisha mwezi wa Mei akaja Andati, dereva wa lori pale machimboni, rafiki wa Wamalwa tangu ujana wao. Alileta pakiti ya unga, akaketi, akazungumza akiangalia sakafu.

"Shemeji, wacha kujisumbua. Nimemwona juzi huko Eastleigh, yuko na mwanamke. Aliponiona akavuka barabara."

Khavere hakulia mbele yake. Andati alipoondoka, alizitoa nguo za Wamalwa sandukuni akazichoma uani, shati kwa shati, majirani wakitazama. Alituma habari Bungoma kwa mama mkwe kwamba mwanawe amewatupa. Na binti yao Rispa alipouliza baba atarudi lini, alimwambia, "Wewe huna baba." Alirudia maneno hayo mpaka mtoto akaacha kuuliza.

Kazi ndiyo iliyomshika asianguke. Alifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari, na mwezi wa Julai somo lilikuwa jamii ya mnanaa. Kwa kuwa shule haikuwa na bustani, aliwaongoza wanafunzi wa kidato cha pili hadi kwenye uwanja mtupu nyuma ya machimbo, ambako nyasi zilikuwa zimefunga ardhi yote.

"Mwalimu, cheki hii!" mmoja akaita.

Katikati ya nyasi palisimama kichaka cha mimea mirefu kuliko mtu. Kila shina lilipita katikati ya mipira ya miiba, mmoja juu ya mwingine, na kutoka kwenye mipira hiyo yalichomoza maua ya rangi ya chungwa. Ndege chozi walikuwa wakiyafyonza; walipoona watu wakaruka.

Khavere alikata tawi moja, akalizungusha kati ya vidole. "Lishikeni. Shina ni la mviringo?"

"Lina pembe, Mwalimu. Pembe nne."

"Majani je? Yanatoka mawili mawili, yakitazamana, na jozi ya juu inakatana na ya chini kama msalaba. Ua ni mrija wenye midomo miwili. Hiyo ndiyo jamii ya mnanaa. Huu lakini huishi mwaka mmoja tu. Unaota, unachanua, unadondosha mbegu, unakufa."

"Na mbona uko hapa tu?" akauliza msichana mmoja. "Kwingine kote ni nyasi."

"Kwa sababu hauwezi kushindana na nyasi. Mbegu zake hukaa udongoni zikingoja. Mpaka mtu alime au achimbe, udongo upinduliwe, zipate mwanga..."

Aligeuka kuutazama uwanja. Pale hapakuwa na shamba, wala msingi wa nyumba, wala mtaro. Alikitazama kile kichaka upya. Kilikuwa chembamba, urefu wake kadiri ya mtu aliyelala, kingo zake zimenyooka. Mbegu zile zilikuwa zimepata mvua ya Machi. Tawi likamponyoka mkononi.

"Rudini shuleni," alisema. "Wote. Sasa hivi."

Alasiri hiyo alirudi na jirani yake Munyoki, mchonga vinyago kutoka Ukambani, mtu wa maneno machache. Munyoki alikuwa na jembe. Alisimama kando ya maua akakuna kidevu.

"Mwalimu, tusipopata kitu utaniona mjinga?"

"Tusipopata kitu nitaenda kanisani kushukuru."

Munyoki aling'oa mimea ile, mizizi ikatoka kirahisi. Akachimba. Udongo mweusi ulikuwa mzito, unanata kwenye jembe. Hakufika mbali kabla jembe halijagusa kitambaa. Munyoki akaliweka chini, akaendelea kwa mikono, taratibu, kisha akavua kofia yake.

"Usije karibu, Mwalimu."

Lakini Khavere alikuwa ameshaona mshipi. Ulikuwa wa ngozi ya kahawia, na karibu na bizimu lake palikuwa pameshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi ule aliushona yeye mwenyewe.

Polisi walipomuuliza kama alikuwa na la kusema, alisema moja. "Yuko mtu aliyeniambia alimwona Eastleigh mwezi wa Mei."

Andati hakukimbia. Walimkuta ameketi ndani ya lori, na kabla hawajamuuliza alianza kueleza. Alikuwa amelewa asubuhi ile. Alirudisha lori nyuma bila kutazama, Wamalwa akiwa nyuma yake. Aliogopa jela, aliogopa watoto wake watakula nini, akamficha ndani ya lori, na usiku akamzika penye nyasi. Na baadaye hakuweza kuvumilia kumwona Khavere akizunguka mochari, ndipo akatunga habari ya Eastleigh.

Kabla ya kesi Khavere aliomba kumwona. Andati aliletwa na pingu, uso umemshuka.

"Shemeji, nisamehe."

"Alikufa palepale?"

Andati aligeuza uso ukutani.

"Nimekuuliza, Andati. Ungempeleka hospitali, angepona?"

"Alikuwa anaongea," Andati alisema. "Mpaka jua lilipokuwa juu. Alikuwa anakuita."

Khavere aliinuka. Alifika mlangoni, akagonga afunguliwe.

Walimzika Wamalwa Bungoma, nyuma ya nyumba ya mamake. Mama mkwe hakumlaumu Khavere. Ila hakumtazama usoni siku zote za matanga, na chakula cha Khavere alimpa mtu mwingine apeleke.

Usiku wa kurudi Nairobi, ndani ya basi, Rispa aliyekuwa amemlalia begani alifungua macho.

"Mama, baba alisema nini alipogongwa?"

Khavere alimfunika kwa leso.

"Hakusema kitu, mwanangu. Alikufa palepale."