Bahari ya Tano Kapewa Kidosho

Karakana ile ilitengeneza matufe ya dunia, ile mipira yenye ramani inayowekwa mbele ya darasa. Nchi kavu zilikuja zimeshachapwa. Maji yaliletwa matupu, bluu tu, kwa sababu kila shule iliagiza majina kwa lugha yake. Kwa hiyo majina ya bahari yalibandikwa kwa mkono, moja moja, kwa kibanio cha kushikia karatasi na gundi nyepesi. Kazi hiyo waliifanya ndugu wawili wa tumbo moja.

Mkubwa aliitwa Dada na karakana nzima, hata na wale waliomzidi umri. Yeye alibandika bahari kuu: Pasifiki, Atlantiki, Hindi na Aktiki. Mdogo wake, Kidosho, alibandika zile ndogo: ya Shamu, Nyeusi, Mediterania, na ya Kaspi ambayo kwa kweli ni ziwa, ila watu wameshazoea kuiita bahari na hakuna anayegombana nao. Dada ndiye aliyemfundisha kazi. Alimshika mkono, akamwonyesha jinsi ya kuipuliza karatasi itulie kabla ya kuibonyeza. Ndiyo maana aliona ni haki yake kukaa meza ya dirishani, penye mwanga, na Kidosho akae nyuma, chini ya taa.

Asubuhi moja msimamizi aliingia na bahasha ya majina mapya.

"Agizo kubwa hili, la shule za wilaya nzima," alisema. "Wanataka bahari kuu tano."

"Tano?" Dada aliweka kibanio chini. "Ya tano imetoka wapi? Mimi tangu nasoma ni nne."

"Bahari ya Kusini. Ile inayozunguka barafu ya chini kule."

"Hayo maji yana wenyewe. Ni Pasifiki, Atlantiki na Hindi, zinateremka mpaka kwenye barafu."

"Wako wanaosema hivyo. Wengine wanasema yana mkondo wake unaozunguka peke yake, kwa hiyo ni bahari yake. Mimi siwezi kuwaamulia. Mteja kasema tano." Akamgeukia Kidosho. "Hii bandika wewe, vidole vyako vyembamba. Kule chini pamebanana."

Mpika gundi, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alipiga kelele kutoka jikoni kwake: "Dada, leo umeletewa mke mwenza!"

Watu walicheka. Dada naye alicheka, lakini kwa meno tu.

"Jambo lingine," msimamizi aliendelea. "Kesho mteja anakuja kuliona tufe la mfano. Atakayefanya vizuri zaidi atakaa dirishani. Kazi ni nyingi na mwanga mzuri ni wa mtu mmoja."

Tangu hapo Dada hakuona kitu kingine. Aliona msimamizi akimsogezea Kidosho kigoda. Aliona fundi anayetengeneza stendi za matufe akimchongea kibanio chake kiwe chembamba zaidi, bila kuombwa. Hata mpika gundi alimchujia gundi mara mbili isiwe na madonge. Yalikuwa mambo madogo ya wema, ya watu wanaomtakia mtu heri, na kila moja lilimchoma Dada rohoni. Mimi nilimtoa kwenye kufagia vipande vya karatasi, aliwaza. Nani aliwahi kunichujia mimi gundi?

Tufe lilipita kwake kwanza. Siku zote majina aliyaweka tumboni mwa bahari, karibu na katikati ya dunia. Siku hiyo aliyashusha. Atlantiki aliiteremsha mpaka karibu na barafu. Hindi vilevile. Pasifiki aliinyoosha ikalala chini kama mtu anayejitanua kitandani asiachie mwenzake nafasi. Na nani angemlaumu? Upande wa juu bahari ile ya tano haina ufuo wala mwamba. Mpaka wake ni mstari tu ambao watu wamekubaliana, na kwenye tufe lile mstari haukuchapwa.

Kidosho alilipokea, akaligeuza kichwa chini mapajani mwake. Alilizungusha polepole, akalizungusha tena.

"Dada."

"Nini?"

"Nafasi sioni."

"Maji yote hayo? Tafuta."

Msimamizi alikuwa palepale, nyuma ya ubao wa kutenganisha chumba. Kidosho hakumwita. Alibeba tufe na kigoda chake, akaja kukaa karibu na dada yake, goti kwa goti, kama zamani alipokuwa anajifunza.

"Nimelizungusha mpaka kichwa kinauma," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna kitu sijakijua. Ungekuwa wewe, ungeliweka wapi?"

Dada alimtazama usoni. Hakukuwa na shutuma pale. Mtoto wa mama yake alikuwa anajiona mjinga.

"Lete hapa," alisema.

Alichukua kitambaa kibichi, akaanza kuyabandua majina yake mwenyewe. Gundi ilikuwa imeshashika, na karatasi zilitoka na bluu ya tufe.

"Dada, rangi!"

"Nimeiona. Nyamaza unipe kibanio."

Aliyapandisha majina yote matatu mahali pake. Pale yalipotoka, Kidosho alipitisha jina la Bahari ya Kusini kwa mviringo, likafunika madoa ya Hindi na Atlantiki. Doa la Pasifiki lilibaki nje, jeupe, saizi ya ukucha.

Kesho yake mteja alilizungusha tufe, akaridhika na bahari ya tano. Kisha akaweka kidole. "Na hiki ni kisiwa gani?"

Mpika gundi alikohoa.

"Si kisiwa," Dada alisema. "Ni doa. Nimeliharibu mimi."

Msimamizi akampa Kidosho meza ya dirishani. Kidosho akajaribu kusema amezoea taa, dada yake abaki palepale. Msimamizi hakukubali. Dada alibeba kopo lake la vibanio, akahamia nyuma.

Wivu haukumtoka. Chini ya taa ile alimwona Kidosho dirishani, shingo imenyooka kama bibi harusi, akageuza uso. Lakini jua lilipopanda, karatasi za Kidosho zilianza kujikunja. Alipaka, akabandika, zikanyanyuka. Dada alijua sababu. Alimwacha ahangaike mpaka saa ya chai.

Waliporudi kutoka kwenye chai alipita karibu na dirisha, bila kusimama.

"Teremsha gundi chini ya meza, kivulini. Juu hapo inakauka kabla hujabonyeza."

"Asante, Dada."

"Usinishukuru. Nazionea huruma karatasi."